Sufuria ya Maji ya Liz

Kisima cha Rispa kilikuwa na maji matamu. Nasema hilo kwanza, maana watu wakisikia kisima kimeua mtoto wanafikiri maji yalikuwa ya kunuka, yana viluwiluwi, na mwenyewe alikuwa mwanamke mchafu. Hapana. Maji yale yalikuwa maangavu na baridi, na wanawake walipita visima vya watu wengine wakaja kuchota kwake. Rispa alijua hivyo na alijisikia. Ukimwomba kikombe cha maji alikupa, kisha akasimama kukutazama mpaka umalize, kama mtu aliyekupikia.

Nilipanga kwake Migori kwa miaka mingi, chumba cha karibu na lango. Yeye alizaliwa Kanyamwa, upande wa Homa Bay, kwa hiyo wazee walimwita Nyar Kanyamwa, yaani binti wa Kanyamwa. Sisi wapangaji tulimwita Mama Pauline kwa jina la binti yake wa pekee, na akitukasirisha tulimwita mama ploti, lakini akiwa hayuko.

Mume wake alinunua ile ploti zamani, Migori ikiwa bado barabara ya vumbi na maduka ya kuhesabika. Alimleta Maroa, fundi Mkuria kutoka upande wa Kehancha, akachimba kisima upande wa juu. Wakati huo ploti ilikuwa shamba. Palikuwa na nyumba moja, ng'ombe, mahindi mpaka dirishani, na choo kimoja huko chini kwenye mpaka. Samadi ya ng'ombe ilienda kwenye mahindi, mabua ya mahindi yakaenda kwa ng'ombe, na majivu na maganda na uchafu wote wa nyumba ukatupwa migombani. Kilichotoka ardhini kilirudi ardhini. Hakuna aliyekaa akakifikiria. Ilikuwa kazi ya kila asubuhi, kama kufagia.

Kisha mume akafa. Mwaka wa tisini na mbili Migori ikafanywa wilaya, na mji ukaja kwa pupa. Walikuja makarani, polisi, madereva, wachuuzi wa mpakani, watu wa dhahabu kutoka Macalder waliopata pesa wakataka kulala kwenye simiti. Wote walitaka vyumba. Rispa aliuza ng'ombe, akang'oa mahindi, akajenga mstari mmoja wa vyumba, halafu mstari wa pili unaotazamana na wa kwanza. Katikati akamwaga simiti, kisima kikabaki kule juu na mfuniko wake wa mbao. Mjane mwenye vyumba Migori hakuwa mtu wa kuonewa huruma, na yeye huruma hakuitaka.

Sasa fikiria watu wa ploti nzima wanakula. Mahindi yalikuja na lori kutoka Kehancha, samaki wakaja kutoka Homa Bay, nyama ilitembea kwa miguu kutoka Ogwedhi. Vyote viliingia kwa lango letu, na hakuna kilichotoka. Sijawahi kuona lori likirudi Kehancha na samadi ya watu wa Migori. Kila kitu kiliishia kwenye mashimo nyuma ya vyumba.

Na shimo hujaa. Gari la kunyonya vyoo tulilisikia tu, lilikuwa mambo ya miji mikubwa. Kwa hiyo choo kikijaa Rispa alimwita Maroa, wakakifunika kwa udongo, wakapanda mgomba juu yake, na Maroa akachimba kingine kando. Kila ploti Migori ilifanya hivyo. Migomba ile ilizaa mikungu ya kuangusha shina, na watu wakasifu mkono wa Rispa. Lakini kila choo kipya kilikuja juu kidogo kuliko cha zamani, maana chini nafasi ilikwisha. Juu ndiko kisima kilikokuwa.

Mwishoni mwa tisini na saba ikanyesha ile mvua ya Elnino. Vyoo vya mji vilifurika, na kipindupindu kikafuata. Ploti ya nyuma yetu ilitoa maiti, ya kando ikatoa maiti. Watu wa afya walipita na kipaza sauti wakisema tuchemshe maji. Rispa hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alisimama kisimani na kijiti akasema atakayekunywa maji mabichi ahame leo. Alizunguka vyumbani akifunua masufuria, na akikuta maji ya uvuguvugu aliyamwaga chini mwenyewe akiwapo. Tulimsema sana. Nilisema mimi pia, kwamba anataka tupike mawe.

Hakuna hata mtu mmoja wa ploti yetu aliyekufa na kipindupindu. Hata mmoja. Ni lazima hili lieleweke, la sivyo utamwona mjinga. Rispa alichemsha maji na watu wakaishi, mbele ya macho yake, huku majirani wakizika. Baada ya hapo nani angemwambia kitu kuhusu kuchemsha?

Mvua zile zilipopungua, Pauline akarudi nyumbani. Alikuwa ameachana na mume, ana mimba, na amekonda kwa ule ugonjwa ambao wakati huo hatukuutaja. Tulisema anaumwa kifua. Alijifungua msichana, akampa jina la Liz, akamnyonyesha kidogo, kisha akafa.

Kulikuwa na vita kwenye mazishi kijijini. Shemeji wa Rispa, mdogo wa marehemu mume, alisema binti aliyeolewa akarudi huzikwa nje ya ua, ndiyo desturi. Rispa alisema mwanawe hatalala nje kama mbwa. Alishinda, kwa sababu yeye ndiye aliyelipa kila kitu. Shemeji alikula nyama ya matanga akiwa amenuna na akaondoka akisema tutaonana.

Basi Rispa akabaki na Liz. Hakuwa na mtoto mwingine wala mjukuu mwingine. Vyumba vyote vile, na wa kuviachia alikuwa huyo mmoja, wa kubebwa kwa kitenge. Niliona jinsi alivyomshika. Alimshika kama mtu anayevuka mto na moto mkononi.

Maziwa ya unga aliyanunua kwa Abdirahim, Msomali aliyepanga chumba cha mbele akafungua duka. Maji yalikuwa ya kisimani. Rispa alisema mtoto ambaye mama yake amekufa hivyo hana nguvu ya kupigana na mdudu, kwa hiyo maji yake hayatachemka kama ya watu wengine. Alitenga sufuria, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Aliijaza baada ya chakula cha mchana, akaiweka kwenye jiko la makaa, akaiacha itokote mpaka watu wa kazi warudi jioni. Iliingia imejaa, ikatoka imebaki theluthi. Pembeni mwa sufuria palikuwa na mstari mweupe, nao aliusugua kwa majivu kila siku. Hayo yaliyobaki aliyatia kwenye thamosi na kuyakorogea maziwa.

Liz akaanza kubadilika rangi.

Kwanza ilikuwa midomo. Nilidhani amepakwa kitu. Ilikuwa kama mtoto aliyekula zambarau, lakini mtoto wa umri ule hali zambarau. Kisha kucha, kisha uso wote ukawa wa majivu. Hakuwa na homa wala hakukohoa. Alihema tu haraka haraka, kama mtu aliyepanda kilima, akachoka hata kulia.

Rispa alimpeleka zahanati. Muuguzi aliuliza mama wa mtoto yuko wapi. Alipoambiwa, alifunga kadi akasema wampe maji mengi na wamwombee. Hakusema vibaya, wala hakumtazama mtoto tena. Siku zile mtoto wa mama wa namna ile alihesabiwa amekwenda tayari.

Habari zikafika kijijini, na shemeji akaja na basi la kwanza. Alisema hiyo ni chira, laana ya kuvunja desturi, na ameisema tangu makaburini. Alileta manyasi, mizizi ya kuosha laana, akailoweka kwenye karai akampa mtoto kwa kijiko. Aliiloweka kwa maji gani? Ya kisimani. Alichota mwenyewe na kuyasifu utamu.

Rispa hakuamini chira wala hakumwamini muuguzi. Aliamini uchafu. Alisema kuna kidudu kimebaki kwenye maji, kigumu kuliko vingine, na dawa yake ni moto. Akaongeza makaa.

Mwezi wa nane akafiwa na wifi yake Homa Bay, mke wa kaka yake. Tulikwenda pamoja, mimi nikimsaidia mizigo. Kaka yake alikuwa na nyumba ya mabati na tangi la maji ya mvua, na kuni zote zilikuwa kwa wapishi wa matanga. Rispa alilalamika kwamba hakuna moto wa mjukuu wake. Mwishowe alipata nafasi ya sufuria ndogo pembeni ya mafiga, maji yakachemka kidogo tu, wapishi wakayaondoa kwa sababu wanataka kusonga ugali. Alimpa Liz maji hayo huku anasonya.

Liz akawa mwekundu. Siku chache tu, na midomo ikarudi, na akaanza kulia kwa sauti kama mtoto anayedai haki yake. Rispa alimbeba akazunguka naye matanga yote akionyesha watu. Shemeji alikuwako pia, akasema mnaona sasa, ni ile ploti ya mjini haimtaki. Rispa akasema ni hewa ya kwao Kanyamwa. Mimi nilifurahi tu.

Siku moja kabla ya kurudi tuliteremka mpaka ufukweni Homa Bay kutafuta samaki. Ziwa halikuwako. Palikuwa na shamba la kijani, gugu maji limefunga ghuba yote, majani mapana na maua ya zambarau, na mitumbwi imelala juu yake kama iliyopandwa pale. Wavuvi walikaa wanacheza karata. Kando yetu kulikuwa na mtaro mweusi kutoka mjini, unaingia polepole chini ya majani, na pale ulipoingia gugu lilikuwa refu kufika kiunoni. Liz alikuwa mgongoni kwa bibi yake, amelala na mdomo wazi.

Rispa aling'oa shina moja, akaligeuza akatazama mizizi, kama mtu anayechagua sukuma wiki sokoni.

“Hii imelishwa, Milka,” aliniambia. “Mahindi yangu ya zamani hayakupata rangi hii hata nikiyawekea samadi.”

Nikamuuliza imelishwa na nani.

“Na mji. Kila anayeenda choo hapa Homa Bay analima ziwa na hajui.”

Tulicheka mpaka wavuvi wakatugeukia. Nimekumbuka kicheko kile mara nyingi. Alijua. Alikuwa mkulima, alijua kwa rangi ya jani tu kwamba kinyesi cha mji hakipotei, kwamba kikikosa shamba kinatafuta mahali pengine. Aliliona ziwa zima, na kisima chake hakukiona. Wala mimi niliyesimama naye sikukiona, nilibeba kikapu kitupu.

Turudi Migori. Aliporudi, Rispa aliingiwa na hofu kwamba kule amempa mtoto maji ya haraka haraka, ameponea bahati, na sasa ni lazima afidie. Sufuria ikakaa motoni zaidi. Shemeji alikuwa ameacha manyasi mengine, na mara hii, kwa woga, Rispa akampa mtoto nayo. Kabla ya mwezi kwisha Liz alikuwa na rangi ambayo sijaiona kwa mtu aliye hai.

Tulimpeleka hospitali asubuhi. Foleni ilikuwa ndefu. Rispa alikuwa na thamosi yake, maana hakuamini maji ya hospitali, na tukiwa kwenye benchi alikoroga maziwa akampa mtoto. Liz alinyonya kidogo. Walipomdunga kisigino kupima damu, ilitoka ya kahawia, kama chai ya rangi iliyolala. Muuguzi aliitazama, akamwita mwenzake, wakaitazama wote. Hawakujua. Wakasema tungoje daktari.

Alikufa kwenye benchi kabla daktari hajafika. Rispa aliendelea kumpepea kwa kadi ya kliniki, na mimi ndiye niliyemshika mkono nikausimamisha.

Sasa kuna mtu anaitwa Momanyi. Ni Mkisii, ofisa wa afya ya jamii, mrefu, mwenye pikipiki ya serikali isiyo na breki. Baada ya kipindupindu alipita mjini akijaza chupa kwenye visima akazipeleka kupimwa. Majibu yalichelewa kama majibu ya serikali yanavyochelewa. Liz alikuwa amezikwa, nyasi zimeanza kuota juu yake, kule kijijini, ndani ya ua kando ya mama yake, ndipo Momanyi akaingia langoni akitabasamu. Alimwambia Rispa kwamba kisima chake hakikuwa na mdudu wa kipindupindu. Rispa akasema anajua. Momanyi akapunguza tabasamu. Akasema kuna kitu kingine, kinaitwa naitreti, na ndani yake mna nitrojeni, ile ile iliyo kwenye mbolea ya dukani. Inatoka vyooni. Zamani mahindi yangeinywa yakaimaliza, lakini sasa hakuna mahindi, kuna simiti, basi mvua inaishusha chini mpaka kisimani. Haina rangi wala harufu. Mtu mzima anainywa na haimdhuru sana. Mtoto mchanga inaharibu damu yake, isibebe hewa.

“Kuna mtoto wa chupa katika ploti hii, mama?” akauliza.

“Alikuwako,” Rispa akasema.

Momanyi akavua kofia. Hakuwa amejua, namtetea kwa hilo.

“Nilikuwa nachemsha,” Rispa akamwambia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza kazi. “Mpaka ibaki theluthi. Migori hii hakuna mtu amechemsha maji kama mimi.”

Momanyi angeweza kunyamaza. Ningekuwa mimi ningenyamaza. Lakini alikuwa kijana wa kanisa, hajui kudanganya.

“Moto unaua wadudu, mama. Hii si mdudu. Ni kama chumvi. Ukichemsha supu, chumvi inaenda wapi?”

Rispa alikuwa amepika maisha yake yote.

“Inabaki,” akasema.

Swali la pili hakumuuliza. Lilijibika lenyewe, tuliliona likijibika usoni pake: supu ikipungua, chumvi inazidi. Ule mstari mweupe kwenye sufuria. Na manyasi kwa maji yale yale, na mtoto kupona Homa Bay kwa maji ya bati. Kila kitu kilisimama mahali pake. Nilimwambia Momanyi aondoke. Alisimama bado, akasema kwa sauti ndogo kwamba wao ndio waliotuambia tuchemshe, na kwa kipindupindu ilikuwa kweli. Nikamwambia najua ilikuwa kweli, aondoke.

Rispa hakulia. Alitoa kigoda chake jikoni, akakiweka kando ya mfuniko wa kisima, akaketi. Kila mwanamke aliyekuja na mtungi alimuuliza neno moja: mtoto wako ni wa ziwa au wa chupa? Wa ziwa, chota. Wa chupa, nenda mtoni, usirudi hapa.

Utasema ni vizuri. Lakini ninyi mliokuwa wakubwa miaka ile mnajua swali hilo lilikuwa na maana gani. Mama mwenye ziwa lake anampa mtoto chupa kwa nini? Watu walikuwa na jibu moja. Kwa hiyo Rispa akikuuliza mbele ya wenzako mtoto wako ni wa chupa, alikuwa anakuuliza kama una ule ugonjwa. Wengine walimtukana. Mmoja alimwambia asimtafutie Pauline wenzake, na hapo nilidhani nitaona watu wakipigana. Na wote, kila mmoja, walisema wa ziwa. Hata ambaye hana mtoto alisema wa ziwa.

Hibo alisema hivyo pia. Alikuwa mke wa Abdirahim, msichana mpole, amejifungua karibuni. “Ananyonya, mama,” akasema, akachota akaenda. Jioni Rispa alipita nyuma ya duka akaona chupa ya mtoto imeanikwa juu ya ndoo, bado inachuruzika.

Asubuhi yake alimwita Maroa. Maroa alikuwa mzee sasa, nywele nyeupe, mikono bado kama sepetu. Alipoambiwa afukie kisima alichokichimba mwenyewe alidhani anataniwa. Wapangaji walitoka wote. Karani wa mahakama akasema maji ni haki yetu, yamo kwenye kodi. Mwingine akasema mama ploti amerukwa na akili kwa kufiwa. Mimi pia sikutaka, nitasema ukweli, maana maji ya mkokoteni yalikuwa ghali na mtoni ni mbali. Rispa hakubishana na mtu. Alichukua jembe akatupa udongo wa kwanza mwenyewe, tukasikia ukipiga maji kule chini, na Maroa akainua sepetu.

Wapangaji wengi walihama mwezi ule. Waliobaki walikwenda kuchota kwa Matiko, ploti ya kando, upande wa pili wa ukuta. Choo cha Matiko kiliegemea ukuta huo huo, na migomba yake ilikuwa minene kama yetu. Maji ya chini hayajui ukuta. Rispa alibeba kigoda chake akaenda kuketi kisimani kwa Matiko na swali lake lile lile. Matiko alimvumilia kidogo kwa heshima ya umri, kisha akamtoa. Alimwambia, “Mama, chako umekifukia. Changu uniachie.” Rispa akahamisha kigoda mpaka barabarani, mbele ya lango la Matiko. Watoto wa shule wakamtungia wimbo. Nilikwenda kumchukua, akaniuliza mimi wangu wananyonya, na wangu walikuwa wameoa.

Kitu kimoja alifanya cha maana, pamoja na hayo. Kwa pesa za kodi ya mwisho alifunga mfereji wa bati kwenye paa, akaweka pipa chini yake, na zile mvua ndogo za mwisho wa mwaka zikalijaza. Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Alilifunga kwa kufuli.

Mwezi wa kwanza jua likawaka. Siku moja mchana Hibo aliingia kwa Rispa na jerikeni ndogo chini ya mtandio. Nilikuwa pale nachambua mboga. Hakukaa. Alisema bila kuulizwa, akitazama sakafu, “Mama, wangu ni wa chupa. Maziwa yalikatika. Si ugonjwa.”

“Sikukuuliza kwa nini,” Rispa akasema.

“Midomo yake imeanza kubadilika.”

Rispa alisimama upesi hivi kwamba kigoda kikaanguka. Alifungua kufuli, akachota, akamjazia. Akamwambia aiweke sufuria motoni, ichemke tu, aitoe. Akarudia. Aitoe. Asiende dukani akaisahau. Alimfuata mpaka jikoni kwake, akasimama juu ya ile sufuria, na povu la kwanza lilipotokea aliiondoa kwa mikono mitupu, bila kitambaa.

Mtoto wa Hibo alirudia rangi yake. Lakini mtoto mmoja akipona siri haikai, na baada ya Hibo walikuja wengine, kimyakimya, mmoja mmoja, na vijerikeni chini ya nguo. Walikuwa wengi kuliko nilivyofikiri. Baadhi walikuwa wale wale waliomtukana. Hakumkumbusha mtu. Alichota kwa kikombe, akasema maneno yale yale kuhusu moto, akafunga kufuli.

Na mvua haikuja. Mwezi wa pili ulikuwa mkavu, vumbi limeingia mpaka kwenye uji. Siku hiyo Hibo alikuja mapema, na Rispa akafungua pipa akaingiza mkono mpaka begani. Tulisikia kikombe kikikwaruza bati. Aliliinamisha pipa, nikamsaidia kulishika, tukakamua kilichokuwamo. Jerikeni ya Hibo ilijaa nusu, na kulikuwa na kutu ndani yake.

Rispa alimpa. Kisha akaingia ndani akatoka na mtungi na kata ya kichwani, akashika njia ya mtoni, mwanamke wa umri ule, kwenye jua lile. Maji ya mto Migori ni ya udongo, ng'ombe wanaogea humo, na mdudu wa kila aina yumo. Hayo ukiyachemsha, yanafaa. Nilifunga mboga zangu kwenye gazeti, nikachukua ndoo, nikamfuata. Alikuwa ameshafika mbali.